Shangazi, naogopa mofini kuliko kisu

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, simu nimeifunika kwa kanga ili mwanga usimwamshe mume wangu. Nina miaka 38, naishi Tanga, tuna mtoto mmoja wa kike. Baada ya wiki tatu natakiwa kufanyiwa operesheni ya kutoa kizazi. Uvimbe umekua mpaka tumbo limekuwa kama la mimba ya miezi mitano, na hedhi zinanimaliza. Mwezi uliopita nimeongezewa chupa mbili za damu. Kwa hiyo kupasuliwa sina ubishi nako. Ninachoogopa ni kinachokuja baada ya kupasuliwa.

Shangazi, mimi nilikuwa teja. Nilianza Dar mwaka 2008, kwa mwanaume niliyempenda. Mwanzo ilikuwa kokteli, unga uliochanganywa kwenye bangi, na mwisho ikawa sindano. Miaka minne. Nimelala maskani, nimeuza simu ya mama yangu, nimeuza mpaka masufuria. Arosto naijua, ile ya kujikunja sakafuni unatapika na mifupa inawasha kwa ndani. Mwaka 2012 nikaanza dozi ya methadoni, dawa ya kuachia unga, Muhimbili, kila siku asubuhi, unakunywa nesi anakutazama. Nilimaliza 2016. Tangu hapo sijagusa kitu. Hata mtoto nilijifungua kawaida, sikuchomwa sindano yoyote ya maumivu.

Mume wangu anajua. Alipotaka kuleta posa nilimchukua hadi Raskazone, nikamweleza yote tukiwa tumekaa juu ya ukuta, nikasubiri aondoke. Hakuondoka. Alitupa vijiwe baharini muda mrefu, kisha akasema, "Hili liishie hapa. Mama na dada zangu wasijue mpaka naingia kaburini." Nikaapa. Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Sasa hospitali niliyopangiwa ndiyo anayofanya kazi wifi yangu mkubwa. Ni nesi wa wodi ileile ya upasuaji nitakayolazwa. Sitamsingizia, ni mtu mwema, aliniuguza nilipojifungua. Lakini hana akiba ya maneno.

Wiki iliyopita niliitwa kwa daktari wa usingizi. Kijana mpole. Akageuza karatasi ya vipimo, akachora tumbo, akaweka alama mbili, kulia na kushoto, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Akasema ukishalala tutakuchoma ganzi hapa na hapa, tunaiona sindano kwa utrasaundi, itaziba neva za ukuta wa tumbo, ukiamka maumivu yatakuwa yamepungua na mofini utahitaji kidogo tu. Mimi nilisikia neno moja: mofini, dawa kali ya maumivu ya ukoo uleule wa unga. Nikamuuliza, "Pasipo mofini kabisa haiwezekani?" Akaacha kuandika. "Kuna sababu?" Mlango ulikuwa wazi, na wifi alikuwa anapita koridoni kabeba trei. Nikasema, "Inanitapisha." Akaandika kwenye faili. Shangazi, mofini sijawahi kuchomwa maishani mwangu.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Alifurahi kama mtu aliyelipiwa deni. Anasema Mungu ametufungulia njia, niombe hiyo ganzi, nisiseme kitu kingine kwa mtu yeyote. Sponsa wangu, yaani mlezi wangu kwenye kikundi cha walioacha unga, dada mmoja wa Dar tuliyeacha naye, anasema kwa simu kwamba hata sindano moja ni kurudi nyuma, bora nivumilie mbichi, wanawake wa zamani walipasuliwa wakaishi. Nimefikiria pia kuhamia hospitali nyingine ya mbali kidogo, ambako hakuna wifi. Lakini huko nimeambiwa hawana mtu wa kupiga ganzi hiyo kwa utrasaundi.

Na kuna jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Siogopi maumivu sana. Naogopa kwamba wakinichoma, ule ujotoujoto utapanda, na nitaufurahia. Tena nasikia watu wakizinduka nusu kaputi huropoka. Nikiropoka je, na mama mkwe amekaa pembeni ya kitanda?

Hiyo ganzi inatosha? Nikinyamaza nitavuka salama? Nisaidie, Shangazi.

Mimi, Msiri wa Tanga


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikagundua kwamba maswali mawili yamejifunika kanga moja. Moja ni la hospitali: je, ganzi ya ubavuni inaweza kukuvusha bila mofini. La pili ni la nyumbani: je, kiapo ulichompa mume wako pale Raskazone kinamhusu na daktari. Mume wako ameyaunganisha yakawa moja, ndiyo maana alifurahi. Ganzi aliiona kama pazia. Naomba tuyatenganishe kwanza. Na nikwambie mapema kwamba mwisho wa barua hii hutakuta nimekuamulia. Mwili ni wako, ndoa ni yako, na wifi ni wako.

Nianze na ganzi, kwa sababu hapo nina la kusema. Kabla sijaanza kujibu barua nilifanya unesi kwenye wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na wiki hii nimempigia daktari mmoja wa usingizi ninayemwamini, bila kutaja mji wako wala umri wako.

Pembeni mwa tumbo kuna tabaka tatu za misuli zilizolaliana. Neva zinazobeba maumivu ya ngozi na misuli ya tumbo hupita katikati ya tabaka la pili na la tatu. Daktari anaingiza sindano mpaka kwenye mpaka huo, anasukuma dawa, na kwenye kioo cha utrasaundi unaona misuli inaachana na dawa inatandaza weusi wake katikati, kama maji yanayopita chini ya mkeka. Daktari aliyeieleza njia hii kwenye jarida la madaktari wa usingizi mwaka 2001 anaitwa Rafi, na yeye hakuwa na kioo. Alitafuta kwa vidole sehemu laini juu ya mfupa wa nyonga, akachoma kwa kusikilizia sindano inavyopenya tabaka. Utrasaundi ilikuja kuunganishwa nayo miaka michache baadaye. Nakutajia hili kwa sababu ya ile hospitali ya mbali, nitairudia.

Sasa sikiliza hesabu hii. Mwaka 2007 madaktari wa Ireland waliijaribu kwa wagonjwa waliopasuliwa utumbo. Wale ambao hawakupigwa ganzi walitumia wastani wa miligramu 80 hivi za mofini katika saa 24 za mwanzo. Waliopigwa walitumia 22 hivi. Ni tofauti kubwa sana, na tafiti nyingi zilizofuata zilipata tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Lakini mwanangu, iangalie tena hiyo 22. Hata pale ganzi ilipong'ara kuliko kote, haikushuka kuwa sifuri. Daktari wako hakukudanganya aliposema "kidogo". Wewe na mume wako ndio mliosikia "hakuna".

Kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu ganzi ile inaziba ukuta wa nyumba, haizibi vyumba vya ndani. Kutoa kizazi kunaacha maumivu ya aina mbili. Kuna yale ya kidonda, makali, yanayokuchoma ukikohoa au ukijigeuza, na hayo ganzi inayaweza. Kuna na yale ya ndani, mazito, ya kuvuta kuelekea kiunoni kama uchungu wa uzazi ulioshindwa kuisha, na hayo yanapita njia nyingine ya neva ambayo sindano ya ubavuni haifiki. Wagonjwa wengi hushtuka hapo. Walidhani watazinduka wakiwa gogo.

Halafu kuna suala la mkato, na hili katika barua yako halimo. Daktari wa upasuaji amekwambia atakukata wapi? Kizazi cha ukubwa huo mara nyingine hutolewa kwa mkato wa chini, wa kulala, kama wa mama aliyejifungua kwa operesheni. Mara nyingine hulazimika mkato wa kusimama unaopanda mpaka juu ya kitovu. Sindano ile ya katikati ya ubavu na nyonga hufanya kazi vizuri chini ya kitovu. Mkato ukipanda juu, daktari huongeza sindano nyingine chini ya mbavu, au huchagua ganzi ya kando ya misuli ya katikati. Kwa hiyo ukimuuliza swali hilo moja tu, "mtanikata wapi?", utapata nusu ya jibu la "inatosha?"

Na ganzi ina saa yake. Ukipigwa dozi moja, kwa wengi itashika saa nane, kumi, kumi na mbili, wachache hufika hata siku nzima. Ukitoka thieta saa sita mchana, ina maana itakuachia usiku wa manane, wodi imelala na nesi wa zamu ni mmoja kwa vitanda vingi. Namkumbuka mama mmoja, miaka hiyo, alishinda mchana kutwa anacheka na wageni wake, akikataa hata panadoli, "mbona siumwi." Saa tisa usiku nilimkuta ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, ameuma shuka. Dawa zake za saa kumi na mbili jioni zilikuwa bado mezani, ndani ya kikombe. Parasetamoli na diklofenaki (kama figo na tumbo lako vinaruhusu) zinatakiwa zimezwe kwa saa, ganzi ikiwa bado imeshika. Ukisubiri maumivu ndiyo yakukumbushe, zinakuwa kama ndoo ya maji kwenye nyumba iliyokwisha shika moto. Wenye uchu wa kuthibitisha kwamba hawahitaji dawa ndio ninaowaonea huruma zaidi, na nahisi wewe unaweza kuwa mmoja wao.

Hatari zake zipo, ingawa si nyingi. Mara nyingine haishiki, au inashika upande mmoja. Mara chache dawa hutiririka ikafika kwenye neva ya paja, mguu ukawa mzito kwa saa kadhaa, kwa hiyo usishuke kitandani siku hiyo bila mtu. Kubwa kuliko zote ni dawa kuzidi au kuingia kwenye damu: masikio yanavuma, ulimi unakufa ganzi, mdomo unaonja chuma, na ikizidi ni degedege na moyo kuyumba. Ndiyo maana hupimwa kwa uzito. Mtu wa kilo 60, wakitumia dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini, wengi hawapendi kuvuka miligramu 120 au 150, na sindano mbili za kawaida, moja kila upande, za mililita 20 kila moja kwa nguvu ya asilimia 0.25 zinakula 100 tayari. Huwezi kuongezewa tu kwa sababu umeomba. Hospitali inayofanya kazi hii huwa na mafuta maalumu ya kuingiza kwenye mshipa kwa dharura hiyo, na si utovu wa adabu kuuliza kama wanayo.

Hayo ni ya ganzi. Sasa turudi kwenye lile neno ulilolisema mlango ukiwa wazi.

"Inanitapisha." Nakuelewa kabisa, hata mimi ningesema kitu. Lakini tazama neno hilo linafanya nini kwenye faili. Daktari akisoma kwamba mofini inakutapisha, hatasoma kwamba uko hatarini. Atasoma kwamba akuchagulie ndugu yake. Atakuandikia pethidini. Au tramadoli, ambayo watu wengi wanaimeza wakidhani ni binamu wa panadoli, kumbe ni ukoo uleule. Na ukilala kwa nusu kaputi, karibu kila mahali utapewa fentanili kabla hujafumba macho, bila mtu kukuuliza, kwa sababu ndiyo desturi ya kazi. Kwa maneno mengine, uongo ule umefunga mlango mmoja na kuacha mitatu wazi, na wewe ndiye usiyejua ni ipi.

Nikuulize tena kwa upole: umesema mofini hujawahi kuchomwa. Unga unapoingia mwilini unageuzwa, na kinachofanya kazi kwa sehemu kubwa ni mofini. Mwili wako unaijua. Hilo nalisema si kukutisha, nalisema kwa sababu lina pande mbili. Upande mmoja, hofu yako ya ujotoujoto si ujinga wala udhaifu wa imani, ni kumbukumbu. Upande wa pili, ule uwezo wako wa zamani wa kuhimili dozi kubwa umekwisha. Dozi uliyokuwa ukijichoma mwaka 2011 leo ingekuua. Daktari asiyejua historia yako hawezi kujua lolote kati ya haya mawili.

Sponsa wako nisimtie makosani. Anakupenda, na sheria ya "hata moja" ndiyo iliyomweka hai. Lakini sheria ile ilitungwa kwa ajili ya kijiweni. Sindano chache ndani ya wodi, kwa kipimo, kwa sababu ya kidonda, anayekuchoma ni mtu mwingine na inasimama siku ya pili, haikurudishii arosto, kwa sababu mwili hauwi mtumwa tena kwa siku moja au mbili. Hatari yako haiko kwenye mwili kutetemeka. Iko kichwani, kwenye lile ulilosema, kufurahia. Na hapo tuwe wakweli pande zote: maumivu makali yasiyotulizwa nayo yamewarudisha watu wengi. Mtu aliyekeshwa siku tatu, na namba ya zamani ya simu anaikumbuka kwa moyo. "Kuvumilia mbichi" kunasikika kama njia salama kwa sababu hakuna sindano ndani yake, lakini sioni usalama wake uko wapi. Hutapumua vizuri, hutakohoa, kifua kitajaa, hutatembea, damu itaganda miguuni.

Tena mofini yenyewe tusiifanye shetani. Kampala, tangu 1993, kuna watu wanaowapelekea wagonjwa wa saratani mofini ya maji majumbani, na maelfu wamekufa kwa amani badala ya kupiga kelele. Kwetu huku wengi zaidi wameteseka kwa kuikosa kuliko kwa kuipata. Ila najua, hilo halikusaidii wewe, wewe si wengi.

Basi nini kinawezekana? Nakufungulia milango, uchungulie mwenyewe.

Mmoja ni kurudi kwa yule daktari kijana, peke yako, na mlango ukiwa umefungwa. Aliacha kuandika ulipomuuliza, umesema. Mimi hapo ndipo niliposimama kwenye barua yako. Mtu anayeacha kuandika anasikiliza. Ungeweza kumwambia hata sentensi mbili tu: "Zamani nilikuwa natumia heroini, nimeacha kabisa tangu 2016. Naomba unipangie maumivu yangu ukijua hilo, na naomba lisisomwe wodini." Akijua, ana mengi ya kuchezea: ganzi ya ubavuni, sindano ya mgongo, ketamini (dawa ya usingizi isiyo ya ukoo wa mofini) kwa dozi ndogo, parasetamoli na diklofenaki kwa saa, na mofini ikae kama akiba ya usiku ule mmoja, kwa kipimo kilichoandikwa, nesi akiwa na mkono wake juu yake. Kwenye sindano ya mgongo wengine huchanganya mofini kidogo mno, inayoshika karibu siku nzima bila kukupandisha kama ya mshipani. Kuna daktari ataona hilo linakufaa na kuna atakayesita, ila umuulize. Na ketamini ina kasoro yake kwako: huleta ndoto za ajabu na maneno ya ovyo, na wewe una hofu ya kuropoka. Hofu hiyo nayo mwambie. Mtu akizinduka nusu kaputi huwa bado yuko chumba cha uangalizi, ndugu hawaingii, na anayoyasema kwa kawaida ni "nipeni maji" na "kumekucha?" Miaka yote ile sikumsikia mtu akisimulia maisha yake.

Hatari ya mlango huo ni wifi. Kisheria, taarifa zako za afya zinalindwa, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na maadili ya unesi yalikuwepo kabla yake. Nesi haruhusiwi kuchungulia faili la mtu asiyemhudumia, sembuse kwenda kulisimulia ukweni. Lakini mimi nimekaa ofisi za manesi, najua faili linavyozunguka na chai. Kwa hiyo usitegemee sheria peke yake. Muulize daktari kama anaweza kuandika mpango wa dawa bila kuandika sababu: "mofini kwa idhini ya daktari wa usingizi pekee", basi. Muulize pia kama mgonjwa anaweza kuombewa asihudumiwe na ndugu yake. Hospitali nyingi hilo linaeleweka, na halihitaji maelezo, ni aibu tu ya kawaida ya mtu na wifi yake.

Mlango wa pili ni ile hospitali ya mbali. Usiidharau kwa kukosa kioo. Nilikwambia Rafi hakuwa nacho. Wapo wanaopiga ganzi hiyo kwa vidole mpaka leo, ingawa kwa kioo ni salama zaidi, hasa kwa tumbo lililojaa kama lako. Na hata pasipo mtu wa ganzi hiyo kabisa, daktari wa upasuaji anaweza kumwaga ganzi kwenye kidonda chenyewe kabla hajashona. Ni kazi ya dakika chache, haina gharama kubwa, na mara nyingi haipitwi mbali na hiyo nyingine. Hasara yake ni kwamba utakuwa mbali na nyumbani, na utalazimika kuelezea ukweni kwa nini umeikimbia hospitali ya wifi. Sijui kama hilo ni siri ndogo kuliko ile. Na huko nako kuna daktari wa usingizi atakayekuuliza, "Kuna sababu?"

Mlango wa tatu ni kunyamaza, kama anavyotaka mume wako. Siwezi kukwambia hutavuka. Watu wamevuka. Ila utavuka ukiwa umefumba macho, na waliokushika mkono nao wamefumba.

Nimemtaja mume wako, nikae hapo kidogo. Yule mtu hakuondoka pale ukutani. Mimi namheshimu kwa hilo. Lakini alichokuomba ni kwamba mama yake na dada zake wasijue. Je, alikuomba na daktari asijue? Kwenye barua yako hilo sikuliona. Inawezekana yeye mwenyewe hajawahi kufikiria kwamba ni vitu viwili. Pengine kwake siri ile ni chungu kimoja, ukikitoboa popote kinavuja chote. Na huenda, mwanangu, anachoogopa si aibu ya ukweni, anaogopa kukupoteza kwa ule unga na hana neno la kulisema, kwa sababu mlikubaliana msilizungumze tena. Miaka hii yote amekuwa akiogopa peke yake upande wake wa kitanda, na wewe peke yako upande wako, simu chini ya kanga. Sijui. Wewe unamjua. Ungeanza naye au ungeanza na daktari, hilo nakuachia, ila ukianza na yeye usianze na wifi. Anza na ule ujotoujoto.

Jambo la mwisho ni la siku za kurudi nyumbani, ambalo watu hulisahau kwa sababu macho yote yako thieta. Marekani, utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliopasuliwa wakiwa hawatumii dawa hizi, karibu 6 walikuwa bado wanazichukua mwezi wa tatu hadi wa sita. Kidonda kilikwisha pona. Wao walikuwa wamepewa vidonge vya kwenda navyo. Ukiruhusiwa, fungua mfuko wa dawa hapohapo dirishani, soma kila bahasha. Ukiona tramadoli, rudisha, uliza mbadala. Kama daktari anasisitiza, ziwe za siku mbili, zikae kwa mume wako, akupe kwa saa. Hapo ndipo kujua kwake kutakusaidia kweli. Na sponsa wako mpe kazi inayomfaa: akupigie kila usiku kwa wiki mbili, saa ileile.

Niseme pembeni kwa wengine wanaosoma na bado wako kwenye dozi: methadoni haiachwi kwa ajili ya operesheni. Kliniki yako na daktari wa usingizi wanatakiwa wazungumze kabla ya siku hiyo.

Wewe, Msiri, una wiki tatu. Ukiamua kwenda kliniki, nenda siku ambayo wifi ametoka zamu ya usiku na amelala. Fika mapema, ukae kiti cha ndani, ufunge mlango mwenyewe kabla hujakaa. Na hata ukiamua mengine yote yabaki kama yalivyo, lile neno "inanitapisha" nenda ukamwombe alikate kwenye faili.

Shangazi yako